Uliza Anko Safari: Sumatra, miji ya mtoni na Ubuddha uliozama kwenye tope

Toleo lililopita niliandika mistari miwili mitatu tu kuhusu Palembang, mji wa mtoni kule kisiwa cha Sumatra, Indonesia, nikasema hapo watawa wa Kibuddha walikuwa wanasoma na kufundisha kabla hata Borobudur, lile hekalu kubwa la Kibuddha kule Java, haijajengwa, alafu nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamejaa, kwahiyo toleo hili lote ni Sumatra, mliouliza Bali mnisamehe, zamu yenu itafika.

Mama Twins, Tanga: Anko shikamoo. Mi na mume wangu tumeweka hela kidogo ya kwenda Indonesia, kila mtu anatwambia Bali na Borobudur, we ukasema Sumatra kuna ya zamani zaidi. Tukienda huko tutaona nini hasa? Isije ikawa tumefika tunaangalia maji tu.

Marahaba mama. Niseme mapema usije kunilaumu, Palembang maji utayaangalia, tena sana, maana mto Musi umeupasua mji katikati, ng'ambo moja wanaita Ilir nyingine Ulu, na mji wote uso wake uko mtoni. Ila ukijua unachoangalia hutochoka. Mwaka 671 mtawa mmoja wa Kichina, Yijing, alipanda meli ya Waajemi kule Guangzhou akienda India kutafuta vitabu vya dini, baada ya siku kama ishirini akashuka mji mkuu wa dola ya Srivijaya, ambao wanahistoria wengi wanauweka hapohapo Palembang. Akakaa miezi sita anasoma sarufi ya Kisanskriti. Yani mtu anatoka China anaenda India, anasimama Sumatra kusoma lugha ya India, na walimu anawakuta! Baadae akaandika kwamba watawa wa hapo walizidi 1,000, na akawashauri Wachina wenzie wanaotaka kwenda India wapite hapo kwanza mwaka mmoja au miwili wajinoe ndo waendelee na safari.

Aliporudi kutoka India akakaa hapo tena anatafsiri, na kuna kisa chake kimoja mi hunichekesha kila nikikisoma. Mwaka 689 karatasi na wino vilimwishia, akaenda kwenye meli kupeleka barua ya kuagiza vingine Guangzhou, akiwa bado yuko ndani upepo ukakaa vizuri, nahodha akatweka tanga, huyo! Akajikuta China bila kupanga na vitabu vyake vyote viko Sumatra. Hakukaa hata mwaka, akarudi na wasaidizi wakaendelea na kazi.

Sasa vya kushika kwa macho. Kuna kilima kinaitwa Bukit Siguntang, upande wa magharibi ya mji, si kirefu lakini mji wenyewe tambarare kwahiyo kinaonekana kilima kweli. Hapo miaka ya 1920 ilipatikana sanamu kubwa ya Buddha ya granaiti, ikiwa vipande, wakaiunga, na sasa ipo makumbusho ya Sultan Mahmud Badaruddin II pembeni ya mto karibu na daraja la Ampera. Jengo la makumbusho lenyewe Waholanzi walilijenga miaka ya 1820 juu ya kiwanja cha ikulu ya sultani waliyemng'oa wakampeleka uhamishoni Ternate, kwahiyo ukiingia unaona tabaka tatu kwa mpigo, Wabuddha, masultani na mkoloni. Kuna na hifadhi ya mambo ya kale ya Srivijaya sehemu inaitwa Karanganyar, penye mifereji ya zamani na nakala ya jiwe la maandishi, ila kwa maoni yangu hapo pamepoa, kama muda mdogo paruke. Uende Siguntang asubuhi kabla jua halijawa kali, makumbusho mchana, jioni mkodi boti. Hiyo ni siku moja na imetosha.

Mbishi, Mombasa: Anko wacha mchezo. Dola kubwa, watawa elfu moja, wafalme, alafu hakuna hata ukuta? Gede hapa kwetu ulikuwa mji wa kawaida tu na magofu yake tunayaona mpaka leo. Iweje?

Swali zuri na si wewe wa kwanza kubisha, maprofesa wamebishana hili mpaka wakanuniana. Jibu lenyewe liko kwenye jiwe. Gede walijenga kwa matumbawe na chokaa, na bahari ya matumbawe iko hapo jirani. Palembang jiwe hamna, chini ni tope tu na bwawa, na bahari iko kama kilomita 80 huko. Watu waliishi kwenye nyumba za nguzo za mbao na nyingine zilikuwa zinaelea juu ya maji kwenye maboya ya miti na mianzi, hizo za kuelea hata leo zipo chache wanaita rumah rakit, na mbao kwenye joto na unyevu ule haidumu hata kizazi. Matofali yalikuwepo kidogo. Alafu kubwa kuliko yote, mji wa leo wenye watu zaidi ya milioni moja na nusu umekaa juu ya mji wa zamani, ukitaka kuchimba unachimba sebuleni kwa mtu.

Ndo maana Srivijaya ilisahaulika kabisa. Fikiria, ni mpaka mwaka 1918 ndipo Mfaransa George Cœdès alipokaa na maandishi ya Kichina na ya kwenye mawe akasema jamani, hili si jina la mfalme, hii ni dola, na makao yake Palembang. Miaka miwili tu baadae, 1920, likaonekana jiwe la Kedukan Bukit pembezoni mwa kijito kinachoingia Musi, lina maandishi ya Kimalay cha kale ya mwaka wa 605 kwa kalenda ya Saka, ambayo kwetu ni 682 au 683. Linamtaja mkuu mmoja, Dapunta Hyang, kwamba alitoka na jeshi la watu 20,000, waliotembea kwa miguu 1,312 na wengine 200 kwenye boti, hesabu haijumlishiki msiniulize mimi. Jiwe lenyewe dogo tu.

Jingine, la Talang Tuwo la mwaka 684, ndo nalipenda zaidi, maana mfalme anaeleza bustani aliyopanda: minazi, mipopoo, misagu, mianzi, na mabwawa ya maji, na anaomba wema wa kazi hiyo uwafikie viumbe vyote, na aliye njiani akiona njaa apate chakula na maji ya kunywa. Hayo ni maneno ya Kibuddha kabisa, yameandikwa miaka mingi kabla ya Borobudur. Ila msimwone malaika, kuna jiwe la tatu, Telaga Batu, juu lina vichwa saba vya nyoka, chini limeandikwa laana tupu kwa yeyote atakayemsaliti mfalme, na limechongwa na mdomo wa kupitishia maji. Inavyoaminika maofisa walikuwa wanaapishwa kwa kunywa maji yaliyomwagwa juu ya laana hizo. Kuanzia wana wa wafalme, majemadari, makarani mpaka waosha nguo wa ikulu wametajwa humo, hakuna aliyeachwa.

Mawe hayo yako Makumbusho ya Taifa Jakarta. Kwahiyo Mbishi, ukitaka kuiona Palembang ya kale anzia Jakarta, lala usiku mmoja, uyaone, ndo upande ndege. Magofu yapo lakini yamehama mji, soma jibu linalofuata.

Msomaji wa Muscat: Assalaam alaykum. Nina siku chache tu baada ya kazi Jakarta, nikichagua mji mmoja kati ya Palembang na Jambi niende upi? Napenda historia, sipendi kelele.

Waalaykum salaam. Jambi, bila kufikiri mara mbili. Au tuseme si Jambi mjini, ni Muaro Jambi, kilomita kama 26 kutoka mjini ukishuka na mto Batanghari, ambao ndo mrefu kuliko yote Sumatra, kama kilomita 800.

Historia yenyewe inawaunganisha. Mwaka 1025 mfalme Rajendra wa Chola kutoka kusini mwa India alileta manowari akaipiga Srivijaya na bandari zake, na baada ya kipigo kile uzito ukahama Palembang taratibu ukaelekea Jambi, karne hiyohiyo ya 11 Wachina wanaanza kuandika wajumbe wa Jambi. Kwahiyo ulichokikosa Palembang kwa sababu ya mbao na tope, Jambi unakikuta kwa matofali.

Na ni mengi. Eneo lina hekta 3,981, ni moja ya maeneo makubwa kabisa ya Kibuddha Asia ya kusini mashariki, limetapakaa vichuguu zaidi ya themanini ambavyo wenyeji wanaviita menapo, na kila kimoja ndani kina jengo la matofali limefunikwa na udongo na mizizi. Yaliyofukuliwa na kurudishiwa sura ni machache, Candi Tinggi (candi ni hekalu), Gumpung, Kembar Batu, Astano, Gedong mbili, Kedaton, Kotomahligai, na bwawa la Telago Rajo. Mwanajeshi Mwingereza alipita hapo miaka ya 1820 akaripoti magofu, mwanaakiolojia Schnitger akachimba miaka ya 1930, na serikali ya Indonesia ikaanza kazi ya kweli 1975. Mwaka 1978 Gumpung ikatoa sanamu ya Prajnaparamita, hekima yenyewe katika umbo la mwanamke, haina kichwa lakini mikunjo ya nguo ilivyochongwa utasimama hapo. Na pale Kedaton, ambalo ndo kubwa, walikuta ndani pamejazwa kokoto nyeupe za mtoni ambazo maeneo yale hamna, zilibebwa kutoka huko juu ya mto. Boti ngapi za kokoto hizo na kwa nini, kila mwongozaji atakwambia la kwake.

Namna ya kutembea ni baiskeli, zinakodishwa hapo getini, bei rahisi. Watalii wengi wa mjini wanaishia Tinggi na Gumpung, wanapiga picha kwenye nyasi wanakula kisha wanaondoka. Wewe chukua baiskeli uende Kedaton, njia inapita kwenye miti ya duku na durian, kimya kabisa, unakutana na watoto wanatoka madrasa. Na uangalie mifereji, hiyo ndo siri ya mahali pale, ilichimbwa kuunganisha mahekalu na mto na kukinga mafuriko, mingine hata leo mitumbwi inapita. Hakuna hekalu la pale linaloeleweka ukiugeuzia mto mgongo.

Kuna jina moja watakutajia kila kona, Atisha. Alikuwa mtawa msomi wa Bengali, karne ya 11 alisafiri baharini miezi kumi na tatu kwenda Suvarnadvipa, kisiwa cha dhahabu, ambacho wengi wanasema ni Sumatra, akasoma kwa mwalimu Dharmakirti miaka 12, akarudi India, na 1042 akaingia Tibet akaufufua Ubuddha kule. Watu wa Muaro Jambi wanaamini alisomea hapo kwao. Jiwe lililoandikwa jina lake halijapatikana, ila watawa wa Tibet wanakuja kuzuru, na hiyo peke yake inatosha kukwambia wanapachukuliaje.

Baya nalo niliseme. Eneo limezungukwa na mashamba ya michikichi, viwanda, na mabohari ya makaa ya mawe pembeni ya mto, matishari ya makaa yanapita kutwa. Lipo kwenye orodha ya kusubiri ya UNESCO tangu 2009, na wanaolipigania wanasema makaa hayo ndo kikwazo kikubwa, mi naona wana haki.

Ukipata siku ya ziada endelea kupanda mto, huko juu kabisa Dharmasraya kwenye mkoa wa Sumatra Magharibi kuna matofali ya Padang Roco. Mwaka 1286 mfalme Kertanegara wa Java alituma huko sanamu ya Amoghapasa, mtakatifu wa Kibuddha, kama zawadi, na huko ndiko ilipotoka sanamu ya Bhairava, mungu wa kutisha, yenye urefu zaidi ya mita 4 ambayo iko Jakarta sasa, kabla haijachukuliwa wanakijiji walikuwa wananolea visu mguuni mwake.

Mjukuu wa Nahodha, Unguja: Anko, hayo yote yanatuhusu nini sisi wa huku? Au ndo utalii tu?

Yanakuhusu kuliko unavyodhani, jina lako lenyewe linasema. Waarabu walipaita huko Zabaj, na al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, ameandika kwamba watu wa visiwa vya Zabaj walikuwa wanakuja nchi ya Zanj, yani pwani yetu, kwa vyombo vikubwa na vidogo, wanafanya biashara na wanaelewana. Kabla ya hapo, kwenye kumbukumbu za China za mwaka 724, wajumbe wa Srivijaya wanapeleka zawadi kwa mfalme na kwenye zawadi hizo yumo msichana wa "Sengqi", ambalo wanahistoria wengi wanalisoma kuwa ni Zanj. Huyo mtoto jina lake hakuna aliyeandika. Namtaja makusudi, maana habari za dola hizi zinapambwa sana na dhahabu na watawa, utumwa unasahaulika.

Alafu angalia Madagascar. Lugha yao mizizi yake ni Borneo, lakini ndani imejaa maneno ya Kimalay na ya Kisanskriti yaliyopitia Kimalay, na wataalamu wanaihusisha safari hiyo na mabaharia wa enzi za Srivijaya. Na ngalawa yetu yenye mapezi pande mbili, ndugu zake wako huko mashariki. Kwahiyo ukisimama Musi unaangalia jahazi linapita hauko ugenini sana.

Kuna na la karibu zaidi. Ng'ambo ya Ulu, mtaa wa 13 Ulu, kipo kijiji cha Kampung Al Munawar, wenyeji wake asili yao Hadhramaut, masharifu hasa kama wa Lamu na Unguja, nyumba za mbao na mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 200 zimezunguka uwanja zinautazama mto. Mtu wa kwetu anayejua maulidi na kahawa hapo hatapata tabu kuanzisha mazungumzo.

Mha wa Kigoma: Kutoka Palembang kwenda Jambi ni usafiri gani na niende mwezi gani? Nasikia kuna moshi.

Kuna basi na kuna gari ndogo za abiria wanaziita travel, ni kama noah za kwetu, zinakufuata mpaka hotelini kukuchukua na zinaondoka zikishajaa. Umbali si wa kutisha, chini ya kilomita 300, ila malori ya makaa na ya mawese yanaikaba barabara, weka siku nzima kichwani hata kama dereva anakwambia masaa sita. Sehemu ya njia sa hivi ina barabara ya kulipia na inazidi kuongezwa. Ukiwa na hela kidogo zaidi miji yote miwili ina uwanja wa ndege, kutoka Jakarta ni kama saa moja.

We mtu wa Kigoma njiani utajiona nyumbani, ni michikichi, michikichi, michikichi mpaka macho yanauma. Na mbegu ilitoka huku kwetu Afrika, upande wa magharibi, miche minne ilipandwa Bogor mwaka 1848 na hiyo biashara kubwa ya Indonesia ikaanzia hapo. Sisi tuliokuwa nao mti tunanunua mafuta kwao, basi tu.

Moshi ni kweli. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba ikiwa ukame umekaza, ardhi ya mboji inashika moto na haizimiki, moto unatembea chini kwa chini. 2015 na 2019 hali ilikuwa mbaya sana, shule zilifungwa na ndege zikaahirishwa. Mvua kubwa nazo ni kama Novemba hadi Machi na mito inafurika. Mi ningesema Mei, Juni, mpaka Julai. Mei ina faida nyingine, sikukuu ya Waisak mara nyingi inaangukia hapo na Wabuddha wa Jambi wanafanya ibada Muaro Jambi, ni siku chache sana kwa mwaka ambazo utaona mahekalu yale yanatumika kwa kazi yaliyojengewa. Ila anayetaka durian na duku aende mwanzoni mwa mwaka na mwavuli wake.

Shiru, Nairobi: Visa na hizo karatasi zingine ni aje? Na pesa?

Pasipoti iwe imebakiza miezi sita au zaidi, na kadi ya njano ya homa ya manjano uibebe, ukitoka nchi zetu wanaiulizia. Nchi zinazopata viza ukifika uwanjani au kwa mtandao zimeorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya uhamiaji ya Indonesia, orodha hubadilishwa, kwahiyo uangalie kabla ya kukata tiketi na si baada, na usiangalie kwenye tovuti za mawakala wanaojifanya serikali wakakutoza mara mbili. Kutoka Nairobi unaunganisha Doha, Dubai au Addis mpaka Jakarta, toka hapo ndege za ndani. Pesa ni rupia, noti zina sifuri nyingi utajisikia tajiri siku ya kwanza. Sumatra kwa chakula na malazi ni nafuu kuliko Bali, Kiingereza kwa upande mwingine ni haba, pakua programu ya kutafsiri na ujifunze kuhesabu kwa Kiindonesia, bei zote utakubaliana kwa mdomo.

Msomaji wa Dodoma: Kwani wewe gazeti la Waswahili linatutangazia masanamu kwa nini? Wenyewe si Waislamu huko?

Ndio, wengi mno ni Waislamu, na ndo haohao wanaofyeka nyasi kwenye mahekalu, wanaoongoza wageni na wanaodai makaa ya mawe yaondolewe. Kijiji cha Muaro Jambi kina msikiti, na vijana wake ndo wanajua kila menapo iko wapi. Waulize wao kwanza. Kuhusu kula wala usihangaike, halali iko kila mahali.

Baba wa Watatu, Mwanza: Anko wanangu wakisikia makumbusho wanalala. Palembang ina nini cha kwao?

Wapakize LRT, treni ya juu iliyofunguliwa 2018 kwa ajili ya michezo ya Asia, inatokea uwanja wa ndege inapita mjini na kuvuka Musi sambamba na Ampera, wakae dirishani. Hilo daraja la Ampera lilimalizika 1965 kwa hela za fidia ya vita kutoka Japani, na kipande cha katikati kilikuwa kinapandishwa juu meli ipite, mpaka kama 1970 wakaacha maana magari yalikuwa yanasubiri nusu saa. Usiku linawashwa taa, na chini yake ndo zilipo boti za mbao za injini, ketek. Patana bei kabla hujaweka mguu, na useme kwenda na kurudi, la sivyo kurudi kuna bei yake.

Waelekeze kisiwa cha Kemaro, hapo mtoni, kina pagoda ya ghorofa tisa. Si ya kale, ya 2006, na hekalu la Kichina pembeni yake ni la juzijuzi pia, mtu mwenye kuitafuta Srivijaya atanuna. Lakini kuna hadithi watoto wataipenda: Tan Bun An, mwana wa tajiri wa Kichina, amemchumbia Siti Fatimah wa Palembang, wazazi wake wakatuma mitungi ya dhahabu na juu wakaifunika na mboga za chumvi kukwepa maharamia, kijana kufungua kaona mboga zilizooza, kwa aibu akaitupa mtoni mmoja mmoja, wa mwisho ukapasukia kwenye boti dhahabu ikamwagika, akajirusha kuifuata mingine, mlinzi wake naye akajirusha, bibi harusi naye, hakuna aliyerudi. Kisiwa kikaota hapo. Bibi wa Ukerewe asingeisimulia tofauti sana.

Chakula chao ni pempek, samaki aliyesagwa na unga wa sagu, wanachemsha kisha wanakaanga, unachovya kwenye cuko, mchuzi mweusi wa sukari ya mnazi-pori, siki, kitunguu saumu na pilipili. Wa Mwanza mnaojua samaki mtaikosoa mpaka ya tatu, ya nne mtanyamaza. Wakichoka nayo kuna martabak ya mayai na kari. Jambi wana tempoyak, durian iliyochachushwa inapikwa na samaki, hiyo watoto usiwalazimishe.

Mkusanyaji, Dar: Nimesikia Palembang watu wanazamia mtoni wanaokota dhahabu na vyungu vya kale. Naweza kununua kidogo nikarudi navyo?

Usinunue. Ni kweli wapo, ni maskini tu wenye boti na bomba la hewa mdomoni, wanazama kwenye maji ambayo hata mkono wako huuoni, na wameibua pete, shanga, sarafu, vyungu vya China na hata sanamu za Kibuddha. Waarabu wa zamani walisimulia kwamba maharaja wa Zabaj kila siku alitupa tofali la dhahabu majini mbele ya ikulu yake, basi habari hiyo ikichanganywa na hizi za wazamiaji, kila mtu mjini ana binamu aliyeokota kitu. Wanauza kwa bei ya kutupa na mtu wa kati ndo anatajirika. Ila kila kipande kinachotoka bila kuandikwa kimetolewa pale na nani na kwenye kina gani, kinaondoka na ushahidi, na huo mji nimewaambia ukuta hauna, ushahidi wake wote uko kwenye lile tope. Na sheria yao ya urithi wa utamaduni, namba 11 ya mwaka 2010, haichezi na anayetoa vitu vya kale nje ya nchi, uwanjani watakufungua begi.

Nenda mtaa wa Ki Gede Ing Suro, 30 Ilir, ununue songket, kitambaa kinachofumwa kwa mkono na nyuzi za dhahabu, kuna za bei ya hotelini na kuna za bei ya gari, uliza ya pamba yenye nyuzi za kawaida kama mfuko mwepesi. Na risiti uichukue.